Penye Ubaridi

Agosti, baridi inapoanza kuaga lakini bado imesimama mlangoni, Mapuseletso alikuwa na mazoea ya kutoka nje mapema na kuitazama bustani yake kabla hata hajawasha moto. Alijifunga blanketi kifuani, akapita taratibu kati ya matuta, akainama hapa, akagusa pale. Majirani wa kijiji cha Ha Mokoto walishamzoea. Walisema yule mama anakagua machipukizi kama mwingine anavyokagua kuku wake.

Kulikuwa na mengi ya kukagua. Sipinachi iliyoungua kwa jalidi ilikuwa imeanza kusukuma majani mapya katikati, madogo na ya kung'aa, wakati ya nje yamelala chini kama matambara. Vitunguu saumu vilikuwa vimesimama wima. Mshubiri wa ukutani ulikuwa unamalizia maua yake mekundu, na ndege walikuwa bado wanaugombania. Chini, karibu na jiwe la kuoshea vyombo, majani ya mayungiyungi yalikuwa yanatoka udongoni yakiwa yamejiviringa kama sigara za kusokota. Lakini kuliko vyote aliutazama mpichi. Huo hauna jani hata moja mwezi huo, ni vijiti vyeusi tu, kisha siku moja unaamka umejaa maua ya rangi ya waridi kila kona, kama vile hakuna theluji iliyowahi kuanguka.

"Umeamkaje, kipenzi," aliuambia kila asubuhi, kwa sauti ya chini ili asionekane kichaa.

Mwaka huu aliutazama kwa hofu. Mumewe, Seabata, alikuwa amepigilia vigingi na kupitisha kamba katikati ya bustani, kutoka mpichi hadi jiwe la kuoshea vyombo. Jumatatu fundi Tankiso angekuja wachimbe msingi wa nyumba ya matofali. Na mahali fulani ndani ya bustani ile, chini ya udongo, alikuwa amelala mtoto wao wa kwanza, aliyezaliwa hana pumzi. Mahali gani hasa, Mapuseletso hakujua.

Ndivyo inavyofanyika. Mtoto ambaye hakulia hazikwi makaburini na wakubwa. Anazikwa nyumbani, na wanawake wazee peke yao, wakati mama bado amelazwa ndani mlango umefungwa. Mama haonyeshwi mahali, eti akipajua tumbo lake litabaki linageuka kutazama nyuma, lisibebe tena. Na baba ndiyo kabisa, habari hizo hazimfikii. Ni mambo ya wanawake, na mwanamume anayeambiwa mambo hayo anabebeshwa giza ambalo si lake. Mimi sisemi kama ni vizuri au vibaya. Nasema tu kwamba wenye kuamua haya hawakuwahi kuulizwa na walioachwa wamelala mle ndani.

Baadaye alizaliwa mtoto mwingine, binti, wakamwita Puseletso, na mama yake akawa Mapuseletso, yaani mama wa Puseletso. Huku kwetu jina hilo anapewa mtoto aliyerudishwa baada ya mwingine kuchukuliwa. Kwa hiyo kila aliyemwita mama yule kwa jina la mwanawe alikuwa anamtonesha kidonda bila kujua, dukani, kanisani, hata kwenye vicheko. Yeye aliitikia tu, miaka nenda miaka rudi. Nyumbani pale aliyejua siri ya mahali ni mama mkwe wake, na mama mkwe alifariki mwanzoni mwa baridi hii bila kutoa neno.

Ndipo Mapuseletso akabaki na mpichi. Alikuwa ameshaamua zamani, kwa akili yake mwenyewe, kwamba mtoto yuko pale chini. Mti gani mwingine ungewahi kutoa maua kabla ya wote?

"Mama Puseletso, huo mti unautazama kama vile umekukosea," Seabata alimwambia Jumamosi, akitoka ndani na kikombe cha uji wa mtama mkononi. Alikohoa kidogo. Migodi ilikuwa imemrudisha nyumbani na kile kikohozi. "Usihuzunike, nitakupandia mwingine. Hayo mapichi yenyewe machungu, hata nguruwe wa Tankiso anayasusa."

"Nyumba si ingekaa upande wa zizi?"

"Upande wa zizi ni mwamba mtupu."

"Ukivunjwa je?"

Seabata alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mke wangu, ujana wangu wote nimevunja mwamba chini ya ardhi ya watu. Sasa niuvunje na nyumbani kwangu? Hapa pana udongo laini, hata wewe ungechimba."

Maneno Mapuseletso alikuwa nayo, tena tele, ila hayakuwa na njia ya kupita. Jambo ambalo watu wawili hawajaligusa tangu ujana wao halianzwi juu ya kikombe cha uji. Alikichukua kile kikombe, akaenda kukiosha.

Mchana, Seabata alipokwenda kijiji cha pili kuazima koleo, Mapuseletso alichukua kopo la ugoro na kuvuka kijito kwenda kwa Shangazi Emelina. Huyu alikuwa dada wa marehemu baba mkwe wake, na katika wale wanawake walioingia bustanini siku ile, ni yeye pekee aliyekuwa bado juu ya ardhi. Alimkuta ameegemea ukuta akiota jua, miguu ameinyoosha, uso umekunjamana kwa mwanga.

"Umeniletea ugoro," Shangazi Emelina alisema kabla hajasalimiwa. "Basi una shida. Mke wetu, wewe huji na ugoro bila shida."

"Nina shida, Shangazi."

"Iseme haraka, jua lisije likahama."

"Nataka nionyeshwe alipo mtoto wangu."

Bibi yule hakujifanya kutoelewa. Alichukua ugoro, akavuta pua moja, akavuta ya pili, akafuta machozi yaliyomtoka kwa ukali wake.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Basi rudi nyumbani. Mambo hayo mama haonyeshwi. Unataka tumbo lako ligeuke nyuma?"

"Shangazi, tumbo langu limeshafunga duka siku nyingi. Hata likigeuka nyuma halitamkuta mteja."

Shangazi Emelina alitaka kucheka, akajikaza. "Hata hivyo. Miiko haizeeki kwa sababu wewe umezeeka."

"Seabata anachimba msingi Jumatatu."

"Anachimba wapi?"

"Bustanini. Ameshapiga kamba."

Mkono wa yule bibi uliokuwa na kopo ulishuka mapajani. Mapuseletso aliona wazi kwamba amemtia hofu. Kisha alinyoosha mkono.

"Nipe fimbo yangu. Na ninyanyue, magoti haya si yangu tena."

Walitembea polepole. Upepo uliwarushia vumbi usoni, na Shangazi Emelina aliutukana upepo, akalitukana daraja, akawatukana na wajukuu wake waliokwenda Maseru wakamwachia mbuzi wasiosikia. Walipofika bustanini, Mapuseletso alimshika mkono akampeleka moja kwa moja chini ya mpichi, chini ya vile vijiti vyeusi.

"Ni hapa, sivyo?"

Bibi aliutazama mti kuanzia shinani hadi juu. "Hapa? Nani kasema hapa?"

"Nimejua tu. Huwa unawahi kuchanua."

"Lo, mke wetu! Huu uliota wenyewe. Kaka yangu, baba mkwe wako, alikuwa anakaa pale ukutani anakula mapichi na kutema kokwa kama mtoto. Mwanangu, huu ni mti wa mate ya mzee." Alicheka hadi akashika mbavu, kisha akauona uso wa mwenzake, akaacha. "Ulikuwa unakuja hapa?"

"Kila asubuhi."

Aibu ilimpanda Mapuseletso hadi masikioni. Salamu zote zile, Agosti zote zile, alikuwa anampa mti usiomhusu. Aliona kama amempitia mtoto wake njiani kila siku bila kumtambua, akisalimia wageni. Hiyo ilimuuma kuliko hata kutojua.

"Mtoto wa namna ile hawekwi penye jua," Shangazi Emelina alisema, sasa kwa upole. "Akipata joto, mvua inakasirika na kijiji kizima kinakauka. Anawekwa penye ubaridi. Penye ubaridi daima." Alianza kushuka na fimbo yake kati ya matuta, akapita sipinachi, akapita vitunguu, akasimama karibu na jiwe la kuoshea vyombo, mbele ya mayungiyungi. "Hapa."

Udongo ulikuwa mweusi na wenye majimaji. Majani yale yaliyojiviringa yalikuwa yameanza kufunguka, mabichi kabisa, na katikati yake palikuwa na ua jeupe lililowahi wenzake, bado halijachanua vizuri.

"Tulimlaza ndani ya chungu," bibi aliendelea. "Mama mkwe wako alitoa chungu chake kipya cha pombe, kile kikubwa alichoagiza kwa ajili ya sherehe. Tukamwambia, chukua cha zamani. Akasema mjukuu wangu halali kwenye kitu kilichokwishatumika. Na haya maua alikwenda kuyang'oa mtoni mwenyewe, akarudi sketi imelowa hadi magotini."

Mapuseletso alikuwa amepiga magoti. "Maji," alisema.

"Maji gani?"

"Maji ya vyombo. Alikuwa ananigombeza, Shangazi. Usiyamwage mlangoni, usiyatupe ovyo, peleka pale kwenye maua. Hata kukiwa na theluji. Hata nikiwa mgonjwa. Nilikuwa nasema moyoni, huyu mama ana roho ngumu, ananitembeza na ndoo kwa kunikomoa tu."

"Ehe."

"Alikuwa ananituma kwa mwanangu."

"Sasa angefanyaje, mwanangu? Mdomo wake ulikuwa umefungwa kama wangu."

Ndipo Mapuseletso akalia. Alilia kwa sauti, kama wanavyolia watu msibani, maana huo ndio ulikuwa msiba ambao hakupewa. Alimlilia mtoto na alimlilia na mama mkwe, ambaye pale makaburini, mwanzoni mwa baridi, alikuwa amemtolea machozi ya adabu tu. Shangazi Emelina hakumnyamazisha. Alisimama pembeni akiegemea fimbo, akitazama kando.

"Alikuwa mtoto gani?" Mapuseletso aliuliza baadaye. "Wa kike? Wa kiume? Hata hilo hawakuniambia."

"Binti. Nywele tele, nyeusi. Na hili paji la uso la Seabata, kama limekatwa kwa shoka."

Kamba ya Seabata ilipita juu kabisa ya majani yale. Wote wawili waliitazama.

"Nitamwambiaje mwanamume?" Mapuseletso aliuliza.

"Mimi sijui. Sisi hatukuwahi kumwambia yeyote." Bibi alijifunga blanketi vizuri. "Mwambie unayapenda maua. Wanaume hawaulizi sana kuhusu maua."

Jioni hiyo, mbele ya ugali na mboga za majani, Mapuseletso alijaribu.

"Seabata, yale mayungiyungi nayapenda sana."

"Yale ya kwenye maji machafu?"

"Ni ya mama."

Mumewe alitafuna, akafikiri, akamtazama kwa huruma. "Sawa," akasema. "Usiwe na wasiwasi."

Mapuseletso akalala akidhani amepona. Jumapili walikwenda kanisani, wakarudi, hakuna aliyeigusa habari ya kamba, naye hakutaka kuichokonoa.

Jumatatu kulikucha na jalidi. Bustani yote ilikuwa nyeupe chini, na juu yake mpichi umefumuka wote kwa usiku mmoja. Mapuseletso alitoka na ndoo ya maji ya vyombo vya jana, iliyokwisha kufanya ngozi nyembamba ya barafu, akashika njia ya kwenda kwenye maua. Sasa alikuwa anajua anakokwenda. Alipozunguka ukuta akamwona Seabata ameshafika, koleo mkononi, mguu wa kulia juu ya bapa lake. Alikuwa amelielekeza katikati ya mayungiyungi.

"Nayahamishia mlangoni," alimwambia kwa furaha, "yote, na udongo wake. Hata hutajua kama yaling'olewa. Si ulisema ni ya mama?"

"Usichimbe!"

"Nitachimba chini sana, mizizi haitakatika."

"Seabata, toa mguu! Mwanao yuko hapo!"

Koleo lilibaki limesimama. Seabata aliondoa mguu wake taratibu, kama mtu aliyekanyaga kitu kinachopumua.

"Mwanangu yupi?"

"Wa kwanza."

Alimweleza yote, haraka, bila kupumzika, kwa kuogopa kwamba akinyamaza hataanza tena: wanawake, chungu, maua ya mtoni, maji ya kila siku. Alingoja akemewe. Alingoja aambiwe kwamba amevunja mwiko na kumbebesha mumewe giza. Seabata alikuwa anatazama chini, na mvuke ulimtoka mdomoni mara kwa mara.

"Kaka yangu alikuja hadi mgodini," alisema mwishoni. "Akaniita getini, akaniambia, mkeo mzima. Basi. Hakuongeza, na mimi sikuuliza. Nikarudi chini kazini."

"Ungeuliza nini."

"Lakini nilikuwa nangoja, unajua?" Sauti yake ilikuwa imekwaruza, na haikuwa kikohozi. "Wenzangu wote walijua wewe una mimba. Nilikuwa nikisikia mtu nyuma yangu kwenye yale mashimo, nageuka haraka. Najua wamekuja. Nageuka, kumbe ni mtu anapita na mzigo wake. Miezi, mama Puseletso. Miezi nageuka. Hakuna aliyekuja na fimbo, hakuna aliyekuja na maji."

Kwa maana kwetu mwanamume hatangaziwi mtoto wake wa kwanza kwa mdomo. Anaviziwa. Akiwa amepata wa kiume anapigwa fimbo ya mgongoni ghafla, akiwa amepata wa kike anamwagiwa maji, na hapo watu wanapiga vigelegele na yeye anajua amekuwa baba. Seabata hakuwahi kupata hata moja kati ya hayo. Puseletso alipozaliwa walimwambia tu, kwa sababu hakuwa wa kwanza.

"Alikuwa wa fimbo au wa maji?" Seabata aliuliza.

Mapuseletso aliinyanyua ndoo kwa mikono miwili, ile ngozi ya barafu ikavunjika, akammwagia mumewe maji yote, kuanzia kichwani.

Seabata alishtuka, pumzi ikampanda juu, lakini hakusogea. Maji yalimshuka usoni na shingoni, yakaloweka blanketi, yakachuruzika hadi kwenye viatu na kwenye majani ya mayungiyungi. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, amelowa chepechepe kwenye jalidi. Alimtazama mkewe na machozi yakamtoka wazi, hakujaribu kuyafuta.

Fundi Tankiso alikuwa ndiyo anaingia, toroli mbele, pima maji kwapani.

"Jamani, Seabata! Asubuhi yote hii! Umemkosea nini mama hadi akuogeshe na nguo?"

Tankiso aliwatazama, mmoja baada ya mwingine. Aliitazama ndoo tupu. Tabasamu lake likapotea polepole, kwa maana naye ni mtu wa huku na alikwishamwagiwa maji siku yake.

"Mmepata..." alianza, kisha akaona jinsi inavyosikika mbele ya watu wa umri ule.

"Nimepata binti," Seabata alisema. "Yuko hapa kwenye maua. Nyumba itakaa upande wa zizi."

"Kwenye mwamba?"

"Kwenye mwamba."

Tankiso alilishusha toroli. Alivua kofia yake ya sufu, akapita kati ya matuta kwa uangalifu asikanyage kitu, akasimama mbele ya jirani yake na kunyoosha mikono yote miwili.

"Hongera, Ntate," alisema, neno ambalo huku kwetu ni baba.

Seabata aliipokea mikono ile kwa mikono yake iliyolowa. "Asante," akasema.